Mkanda Nyuma ya Mlango

EDAH: Haloo? Ni nani?

LYNETTE: Si ni mimi, Mama. Umenikatia.

EDAH: Sijakukatia. Ni network.

LYNETTE: Nilikuwa katikati ya maneno. Nimesema tu umpe Wandera mkanda, na wewe —

EDAH: Basi network imekuokoa. Nilikuwa karibu kukutukana. Na hujanisalimia.

LYNETTE: Tulisalimiana kwa ile simu ya kwanza.

EDAH: Ulianza na mkanda moja kwa moja, kama mtu wa kukusanya madeni.

LYNETTE: Mirembe, Mama.

EDAH: Mirembe. Sasa endelea. Huyu mtu wako wa pikipiki amekaa hapa getini anakula mahindi yangu ya kuchoma, hana haraka.

LYNETTE: Mimi ndiye nina haraka. Wale wa mnada huko ng'ambo wamesimamisha kuuza ngoma ya Baba. Hiyo ni kazi yangu, nimeandika barua mpaka macho yakauma. Lakini wakili wao anasema Baba aliiuza kwa yule mzungu wa utafiti. Kesho nisipoleta ushahidi kwamba iliazimwa tu, inarudi mnadani.

EDAH: Baba yako auze ngoma? Shikanga hakuuza hata jogoo.

LYNETTE: Najua. Siwezi kuandika "najua" kwa hati ya kiapo.

EDAH: Kwa nini? Wao si wameandika uongo?

LYNETTE: Mama, sikiliza. Ngoma ya isukuti ikiuzwa inatoka na mkanda wake wa begani. Ikiazimwa, mkanda unabaki kwa mwenyewe mpaka ngoma irudi. Si ndivyo?

EDAH: Ndivyo.

LYNETTE: Mzee Andati, mpiga ngoma mwenzake Baba, ameapa hivyo hivyo. Na kwa picha ya mnada, ngoma ya Baba imefungwa kamba ya manila.

EDAH: Manila? Kama mbuzi?

LYNETTE: Kama mbuzi. Kwa hivyo mkanda wenyewe ukifika, mtaalamu aulinganishe na mahali ulikwaruza mti wa ngoma, wamekwisha. Nipe mkanda tu.

EDAH: Panya walikula.

LYNETTE: Mama.

EDAH: Panya wa Iguhu unawajua.

LYNETTE: Jirani yako Beverlyne ameniambia umetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chako.

EDAH: Beverlyne alikuja kuniletea sukari. Chumbani alitafuta nini, majani ya chai?

LYNETTE: Kwa hivyo uko.

(Simu inakwaruza.)

EDAH: — piga picha, si una —

LYNETTE: Unakatika.

EDAH: Nasema nikupigie picha.

LYNETTE: Picha wamekataa. Wanasema mkanda wowote unaweza kupigwa picha.

EDAH: Basi chukua ngoma mbili zilizobaki. Ile ndogo ichukue leo. Ile ya kati ngoja kidogo, kuku ameatamia ndani.

LYNETTE: Kuku? Ndani ya ngoma?

EDAH: Niliipindua. Amepapenda.

LYNETTE: Mama, hiyo ni — watu wanasafiri na ndege kuona kitu kama hicho. Ninasimama mbele ya mawakili wa watu nasema familia inaitunza —

EDAH: Inatunza. Hata kuku anaitunza. Unataka nani aipige? Mimi, saa hizi, nikiwa na gambuti?

LYNETTE: Sisemi upige.

EDAH: Siku ya kumzika walipiga ngoma mbili badala ya tatu. Ulisikia.

LYNETTE: Nilisikia.

EDAH: Mtu amepiga isukuti maisha yake yote, amezika nusu ya Idakho, na yeye anasindikizwa na mbili. Kila mtu alisikia lile shimo katikati. Halafu wewe ukaingia kwa gari, ukaenda.

LYNETTE: Ndiyo maana naitaka irudi.

EDAH: Na mkanda ukienda, utarudi?

LYNETTE: Utakaa kwa ushahidi mpaka kesi iishe. Halafu —

EDAH: Yule mzungu pia alisema "halafu". Alikuwa na sauti nzuri kukushinda.

LYNETTE: Mimi si yule mzungu.

EDAH: Yeye alikuja nyumbani, akakaa, akala.

LYNETTE: Hapo umenionea.

EDAH: Nimekuonea. Lakini alikula. Ule mkanda, Lynette, bado una jasho lake. Ikitaka kunyesha unanuka. Nikilala naunusa. Ukiutoa hapo, mlango unabaki na msumari.

LYNETTE: Hukuniambia.

EDAH: Ningekuambia saa ngapi? Ukipiga unauliza presha yangu, unauliza dawa, unakata.

LYNETTE: Mama, kama si kazi ningekuja mwenyewe. Lakini niko huku ofisini Nairobi, simu haziachi kulia, mkubwa wangu ana —

(Radi.)

EDAH: Hiyo ni nini?

LYNETTE: Radi tu.

EDAH: Imepiga kwako na kwangu papo hapo. Tangu lini Nairobi na Iguhu zikatumia radi moja?

LYNETTE: Mvua siku hizi iko kila mahali —

EDAH: Ngoja. (Kwa mbali.) Wewe Wandera! Nani alikupa hii kazi? ... Kwa simu ama kwa mdomo? ... (Karibu.) Anasema ni madamu mmoja wa koti jeusi, nje ya korti ya Kakamega. Alimpa mandazi. Na anasema madamu ana macho yangu.

(Mvua inasikika juu ya mabati.)

EDAH: Uko huku toka lini?

LYNETTE: Jana. Kulikuwa na karatasi za kupeleka kortini.

EDAH: Ulilala wapi?

LYNETTE: Hoteli.

EDAH: Walikupa nini?

LYNETTE: Mama, tafadhali.

EDAH: Nauliza tu. Obusuma, huo ugali wa hoteli, huwanga laini kama uji.

LYNETTE: Sikula.

EDAH: Pikipiki kutoka hapo mpaka hapa mtu hamalizi hata mandazi.

LYNETTE: Najua. Mwezi ule mwingine nilifika mpaka getini. Taa ilikuwa inawaka jikoni. Nilisimama ... nikasikiliza. Nikarudi.

EDAH: Ulikuwa wewe? Mbwa alibweka, nikamnyamazisha.

LYNETTE: Sijui kuingia kwa hiyo nyumba, Mama.

EDAH: Hata mimi sijui. Naingianga tu. Lynette. Kwa hii kesi, mimi ni nani?

LYNETTE: Wewe ndiye mlalamikaji. Mdai.

EDAH: Yaani mteja wako.

LYNETTE: Ndiyo.

EDAH: Ulienda mpaka Turkana kwa sababu ya kigoda cha mteja. Nilikuona kwa televisheni, umekaa chini na wazee, umejifunga leso. Leo mteja wako ametumiwa boda. Mkanda hautoki hapa na Wandera. Utautoa kwa msumari wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Na siku unarudi, wewe ndiye utautundika.

LYNETTE: Mama —

EDAH: Sijakuuliza. (Kwa mbali.) Wandera! Weka hilo hindi chini. Rudi pale korti, umlete aliyekupa mandazi. ... Eeh, yeye mwenyewe. Mfunike na hili gunia, asilowe.

LYNETTE: Mama, inanyesha sana.

EDAH: Wewe si chumvi. Ameshawasha, unasikia?

(Mlio wa pikipiki unafifia.)

LYNETTE: Nasikia.

EDAH: Amebeba hindi lingine, huyo mshenzi.

LYNETTE: Usiutoe kabla sijafika.

EDAH: Siutoi. Naweka maji ya obusuma. Nachinja.

LYNETTE: Si yule wa kwenye ngoma.

EDAH: Yule hachinjwi, ana mayai. Jogoo.

LYNETTE: Baba hakuuza hata jogoo.

EDAH: Hakuuza. Kula alikula.

LYNETTE: (Anacheka kidogo, anavuta pumzi.) Mama, salio langu lina —

EDAH: Acha liishe. Si unakuja.