Vifaa Arobaini na Kimoja

Benchi letu liko nje ya duka langu la ushonaji, mkabala na lango la chuo, na kahawa tunaagiza kwa birika. Asubuhi ile tulikuwa walewale: Mzee Stempu, aliyestaafu posta na hadi leo anazungumza kama anayegonga mihuri, Kinyozi, ambaye sijawahi kusikia amekosa jibu, mimi, na Dada Kebo, fundi wa mtandao wa chuo. Dada Kebo alikuja na barua. Mkuu wa utawala anamtaka ajieleze kabla ya saa nane mchana kwa nini jana viliharibika vifaa arobaini na kimoja, la sivyo atafute kazi kwingine.

— Havikuharibika, alisema. Kilichozimika ni kimoja.

Akatufafanulia taratibu, maana sisi wengine kompyuta tunazijua kwa kuziona tu. Kuna kisanduku kinachogawa mtandao jengo zima, na nyuma yake kuna vifaa arobaini. Kisanduku kikizimika, programu anayoitumia kuchunga mtandao haivioni tena vile arobaini, basi inavihesabu vyote vimekufa na kupeleka orodha moja kwa moja kwenye simu ya mkuu. Programu yenyewe ni huria: inatolewa bure, na yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kuichokonoa. Inachokosa ni kipengele kimoja tu, cha kuiambia kwamba hiki ndicho mama na hivi ni watoto, kwa hiyo mama akilala usitangaze msiba wa ukoo mzima. Dada Kebo ameshawaomba watengenezaji mara tatu. Mara ya mwisho walimjibu kwamba wazo ni zuri, na kama ana haraka aandike mwenyewe awaletee.

Jibu hilo lilitupandisha hasira, hata mimi niliyekuwa napiga pindo.

— Aandike mwenyewe? alisema Kinyozi. Yaani mteja akikaa kwenye kiti changu nimpe mkasi?

— Wewe unalipwa, nikamwambia. Hao hawalipwi.

— Hapohapo ndipo penye siri, fundi cherehani. Wameacha kasoro makusudi, waje wakuuzie dawa yake.

Mzee Stempu alikataa. Kwa maoni yake, watengenezaji wanaishi mahali ambapo umeme haukatiki, hawajawahi kuona jengo zima likizimika, na ukiwasimulia wanadhani unatunga. Dawa ni kuwakatia umeme wiki moja, na siku ya pili tu, kabla wiki haijaisha, kipengele kitapatikana. Kinyozi akaona hilo ni dogo. Akasema programu imeshamsoma mkuu wa utawala, imegundua anapenda orodha ndefu, sasa inamtafutia za kumfurahisha.

Birika la pili lilitukuta tukiandika ombi la nne. Mzee Stempu alitamka na Dada Kebo akaandika kwenye simu: sisi wenye benchi hili, kwa kauli moja, hatukubali kuambiwa tujifanyie wenyewe. Kinyozi alijifungulia akaunti papo hapo ili aweke dole gumba lake la kuunga mkono. Dada Kebo alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikafurahi kumwona anacheka.

Kumbe mteja wangu mmoja, aliyekuja kuchukua gauni, alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza.

— Samahanini jamani, alisema. Hicho kimoja, kwani kinazimika kwa nini?

Kinyozi alifungua mdomo, akaishia kunywa kahawa. Wote tukamgeukia Dada Kebo.

— Sijui, alisema. Kila siku saa tatu na robo kinazimika, nakimbia kukiwasha, halafu asubuhi yote naitumia kuwajibu watu wa vile arobaini; leo tu nimewakimbia kwa sababu ya barua hii. Sijawahi kukaa nacho hata siku moja.

Nilidhani amevunjika moyo. Lakini kwanza alibonyeza simu, ombi letu likaenda vilevile lilivyo. Kisha akatoa kurasa mbili za kuomba radhi alizokesha nazo, akazichana, akaniomba karatasi. Nilimpa ile ya vipimo vya suruali, akaandika nyuma yake akiegemea meza yangu, akatusomea:

— Kilichozimika ni kimoja, na kwa vile arobaini siombi radhi. Sababu yake siijui bado. Kesho saa tatu kamili nitakuwa nimekaa mbele yake. Mkuu, njoo na kiti chako.

Mzee Stempu alimsihi kama baba aifute sentensi ya mwisho, itamfukuzisha kazi.

— Hiyo ndiyo niliyoiandika ya kwanza, Mzee, alisema, akavuka barabara na karatasi yake kuelekea langoni.