Makofi ya Kuchelewa

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, kijana mtafiti alikuwa amepakata tasnifu yake kama mtoto mchanga. Kando yake alikaa mama mmoja wa kwaya ya kanisa, ambayo kijana aliimba nayo miezi sita huku akiifanyia utafiti. "Mama, makofi yenu yamenipa sura nzima ya tasnifu," alijigamba. "Nyinyi hupiga kwa kuchelewa kidogo. Nimeeleza kwamba ni unyenyekevu mbele za Mungu."

Mama alicheka mpaka mkoba ukamdondoka. "Mwanangu, tulikuwa tunakungoja wewe! Jumapili ya kwanza ulipiga peke yako, nyuma ya wote, ukanywea. Mchungaji akasema tusikuaibishe, tupunguze mwendo."

"Miezi sita yote?"

"Sasa kama hukujifunza, tungefanyaje?"

Mimi nilijifanya nasoma gazeti, ingawa sikuwa nalo.

"Lakini huo nao ni utamaduni, mama."

"Utamaduni wapi! Hiyo ni huruma. Andika huruma."

"Jamani, nakabidhi leo!"

Basi likasimama kwenye geti la chuo. Mama akasogeza miguu ampishe. Kijana hakuinuka, na basi zima, pamoja na dereva, tukamngoja.