Mzee Volti Ngapi Anaaga Chumba cha Vipimo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhandisi wetu wa vipuri, ambaye kiwanda kizima kinamfahamu kwa jina la Mzee Volti Ngapi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita. Kuanzia Jumatatu, mtu ataweza kutaja namba yoyote kwenye korido bila kuulizwa ameitoa wapi.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mkuu wa ununuzi. Nilipomweleza mstaafu alifurahi, kisha akatoa sharti. Alisema amesoma wasifu wa wastaafu wengi kwenye ubao wetu wa matangazo, na wote unafanana na karatasi za watengenezaji wa kapasita: kila kitu kizuri, kila kitu kikubwa, na hakuna anayesema kilipimwaje. Akataka wa kwake utaje kosa lake kubwa kuliko yote, la sivyo haji kwenye sherehe. Alijua vizuri anamwambia nani, kwa sababu kosa hilo alinitendea mimi. Nitalifikia. Kwanza tumsifu, maana keki imeshaagizwa.

Aliingia hapa akiwa fundi wa kulehemu, kwenye meza ya dirishani, enzi hizo tukitengeneza redio na chaja. Mchana alilehemu, jioni alisoma, na watoto wake wawili wakakua wakidhani baba wote duniani hulala na kitabu usoni. Alipopata shahada ya uhandisi, kiwanda kilikuwa kimeanza kutengeneza vidhibiti vya umeme vya majokofu ya chanjo. Akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, karibu na stoo, chenye meza moja, tanuru dogo, mita, na dirisha lisilofungika. Mkataba wake ulisema kazi yake ni kuchagua vipuri. Yeye akaelewa kwamba kazi yake ni kutafuta ukweli wa kapasita za kauri, na tangu hapo hakuna meneja aliyefanikiwa kumbadilisha mawazo.

Kwa ndugu zetu wa uhasibu na usafirishaji, ambao huona kapasita kama uchafu ulionasa kwenye bodi, nieleze kidogo. Ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kazi yake kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa unapohitajika. Mtengenezaji anaandika kwamba kapasita yake ni ya maikro kumi, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Ni kweli, ikiwa imelala mezani haijapewa umeme. Ukiipa volti kumi na mbili, ambayo ndiyo kazi uliyoinunulia, inaweza kubaki nne. Joto likizidi inapungua tena, na ikikaa muda mrefu inapungua tena. Hakuna aliyedanganya. Ila ile kumi imeandikwa kwa herufi nene ukurasa wa kwanza, na ile nne utaikuta kwenye mchoro mdogo ukurasa wa mwisho, ukiwa na bahati. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na karatasi za kapasita zimetembea sana hapa kwetu.

Ndiyo sababu ya jina lake. Mbunifu kijana akiingia na mchoro wake na kusema hapa nimeweka maikro kumi, mzee anauliza, bila kuinua macho, ni kumi kwa volti ngapi. Mwanzoni aliuliza kuhusu kapasita tu. Baadaye ugonjwa ukasambaa. Dereva akisema tangi lina mafuta nusu, anaulizwa gari lilisimama tambarare au mteremkoni. Mama wa chai alisema ametia sukari vijiko viwili, akaulizwa kijiko gani. Alikwenda jikoni akarudi na kijiko chenyewe, akakiweka mezani kwa mzee na kuondoka. Kijiko kile hakijarudi jikoni mpaka leo. Nyumbani nako, mke wake, ambaye ni mwalimu wa hesabu na angetegemewa kumwelewa, alimpiga marufuku kuuliza lolote wakati chungu kiko motoni.

Namba isiyo na chanzo aliiita yatima. Kila namba kwenye jedwali lake ilipaswa kuwa na ukoo: nani kaipima, kwa volti ngapi, kwenye joto gani, na baada ya muda gani tangu kapasita itoke motoni. Namba iliyoletwa na muuza bidhaa kwa mdomo aliiita mtoto wa kambo, akaipokea kwa adabu lakini hakuirithisha kitu. Tuliokuwa tukimcheka ndio sisi sisi tuliokuwa tukikimbilia jedwali hilo kila bodi ilipogoma. Leo hakuna kidhibiti kinachotoka hapa kikiwa na kapasita ambayo hajaithibitisha kwa njia tatu: karatasi ya mtengenezaji, majibu ya mtengenezaji mwenyewe akibanwa, na kipimo chetu. Majokofu yenye vidhibiti hivyo yako mahali ambapo fundi wa karibu yuko mbali sana, na chanjo haingoji fundi.

Kuhusu kumbana mtengenezaji, wazee wa idara hii bado wanakumbuka kisa cha miavuli. Mzee alihitaji mchoro mmoja tu, unaoonyesha kapasita fulani inavyopungua ikiwa imepewa umeme na joto kwa pamoja. Aliandika, akapiga simu, akaandika tena. Ofisi ya mauzo ya huko ilikotengenezwa ilimjibu kwa ukarimu mkubwa: walituma kalenda, kisha kalamu, kisha boksi zima la miavuli yenye nembo yao. Idara yote ilitembea na miavuli mipya msimu mzima wa mvua, na mchoro haukuja. Mwishowe simu ilipokewa kwa makosa na mama mmoja wa maabara yao, naye mchana huohuo akautuma. Mzee aliuchapisha na kuuzungusha meza hadi meza kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Tanuru dogo nalo lina sifa zake. Kapasita hizi huzeeka kuanzia pale zinapopoa, na ukizipasha moto mkali zinarudi ujanani. Kwa hiyo mtu akizipima zikiwa zimetoka tu kulehemiwa, anapata namba tamu sana. Mzee alisema hiyo ni sawa na kumpiga mtu picha siku ya harusi yake ukadai ndivyo anavyoamka kila asubuhi. Ilikuwa marufuku kupima kitu kabla hakijapumzika tangu jana. Muda wa kustaafu ulipokaribia, wahuni wa karakana walimshauri aingie mwenyewe kwenye tanuru aanze upya. Alilipima kwa macho, akasema mlango ni mdogo.

Sasa lile kosa.

Kabla sijaajiriwa hapa, nilikuwa nauza vipuri vya umeme kwenye duka la baba yangu. Baba alikuwa fundi redio wa siku nyingi. Miguu ilipoanza kumsumbua aliniachia duka, akanikabidhi funguo mbele ya wateja, na nadhani sijawahi kutembea nikiwa mrefu kama siku ile. Kiwanda hiki kilikuwa mteja wetu, pamoja na karakana tatu za hapa mjini. Siku moja Mzee Volti Ngapi alipima kapasita za maikro mia alizonunua kwangu akakuta hazifikii hata nusu. Zilikuwa zimelala mezani, hazijapewa volti yoyote, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio. Aliandika kwamba huenda ni bandia, na kwa nia njema akazitahadharisha zile karakana tatu.

Mzigo ulianza kurudi kaunta. Baba hakuniuliza hata swali moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenigombeza ningejitetea. Alichukua funguo kwenye msumari, akazitia kwenye mfuko wa shati, na kuanzia kesho yake akawa anafungua duka mwenyewe, kwa miguu ile ile mibovu, huku akijishikiza kwenye mlango wa bati. Mimi nikakaa nyuma kwenye maboksi. Aliamini nimeleta mali mbovu ili nipate faida ya haraka. Wateja wangerudi siku moja, wateja ndivyo walivyo. Niliyekuwa nampoteza ni baba yangu, na tulikuwa tunakula meza moja.

Hakuna mtu aliyemwambia mzee kwamba amekosea. Aligundua mwenyewe. Alipima kapasita za ukubwa uleule kutoka kwa muuzaji mwingine aliyemwamini kwa miaka, akakuta nazo hazifiki nusu. Mtu mwingine angesema wauzaji wote ni wezi. Yeye aliitazama mita yake. Akaenda kuazima mita kubwa chuoni, akarudia vipimo vyote, na kapasita zikawa kamili. Mita yake ndogo ilikuwa sahihi kabisa kwa kapasita ndogo, ndiyo maana hakuwahi kuishuku. Kwa zile kubwa haikuwa na nguvu ya kusukuma umeme wa kupimia. Ilichoka njiani, ikaandika namba pungufu. Mtu aliyewauliza watu wote kipimo kimepatikanaje alikuwa amesahau kuiuliza mita.

Aliomba ruhusa ya siku moja. Bosi wa wakati ule alimshauri aandike barua yaishe. Alikataa, akasema barua ya tuhuma husomwa na kila mtu ila ya radhi haifunguliwi. Alikwenda kwa miguu yake kwenye karakana zote tatu, akapima mbele ya mafundi, akasema nilikosea. Mafundi mnawajua. Walimcheka, na mmoja alimwuliza sasa hiyo mita ni ya volti ngapi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Naye alichutama mara tatu siku moja, kisha akaja kwetu nyumbani.

Nilimfungulia mlango mimi, na kusema kweli nilitaka kuufunga. Shati lilikuwa limelowa jasho, kila mkono una mita, kama mtu anayetoka kuteka maji. Baba alisema mgeni aketi. Mzee aliomba vikombe visogezwe, akazipanga mita mbili mezani, akamwomba baba achague kapasita mwenyewe kwenye mkanda wa karatasi ambamo huja zimepangwa, popote anapotaka. Mita ya kwanza ikaandika pungufu. Ya pili ikaandika kamili. Baba, fundi wa zamani, akataka irudiwe kwa nyingine, na nyingine tena. Ilirudiwa. Ndipo mzee akasema: "Mzee wangu, mali ya binti yako ni halisi. Aliyetoa kitu bandia ni mimi."

Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa watoto wake, wazazi wa rika lake hawakulelewa hivyo. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja changu na kukifunga kwa mkono wake. "Kesho fungua wewe, mama," akasema. Sijawahi kuambiwa neno zuri kuliko hilo, na nimeolewa.

Baba aliishi miaka michache baada ya hapo. Nilifungua duka kila asubuhi, yeye akikaa kwenye kiti chake akinikosoa kwa raha zake zote. Alipofariki, kaka yangu alichukua duka, na nafasi ya ununuzi ilipotangazwa hapa, aliyeniletea tangazo alikuwa Mzee Volti Ngapi. Alisema anataka mnunuzi ambaye hatamwamini kirahisi. Amempata. Tumegombana kuhusu kila mkanda wa kapasita uliopita kwenye stoo ile, na kila mara tulipogombana namba zilitoka safi zaidi. Tangu siku ya zile mita mbili, kila namba kwenye jedwali lake imekuwa na ndugu mmoja zaidi, jina la mita iliyotumika. Vijana wawili aliowafundisha sasa wanaiuliza dunia nzima chanzo chake, wakiwemo wazazi wao, na jedwali limebaki mikononi mwao.

Basi, mzee wetu, sharti lako nimelitimiza. Kiwanda kinakushukuru kwa kila jokofu ambalo halikuzima. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mwalimu wako wa hesabu akuvumilie ukiwa nyumbani kutwa. Mimi nina deni langu mwenyewe. Ungetuma barua siku ile, baba yangu angezikwa na funguo zangu mfukoni. Nawe ulipoinuka kuondoka kwetu, nilikuwa bado na hasira na wewe. Nilibaki nimekaa, ukabeba mita zako peke yako, na hakuna aliyekusindikiza hata hadi barabarani. Ijumaa keki ikiisha, nisubiri mlangoni. Nitakusindikiza mpaka kwako, na mizigo nitabeba mimi.