Mwalimu Halafu na Nusu Saa ya Shuka

Marehemu dada yetu, ambaye nusu ya waliofika hapa leo wanamjua kwa jina la Mwalimu Halafu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mlinzi wa kiwanda cha sabuni. Jina hilo alipewa na watoto wa darasa lake, kwa sababu kila aliponyamaza katikati ya hadithi walimdai, "Halafu?" Hakulikataa. Alisema jina la kwenye cheti halijawahi kumfanya mtu akae kitako.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza la saba mwaka 1974. Nafasi ya kuendelea na sekondari ilikuwa moja pale nyumbani, ikaenda kwa kaka. Dada hakununa. Alivisoma vitabu vya kaka kabla mwenyewe hajavifungua. Kaka yupo hapa, akitaka kukanusha ana ruhusa. Mwaka 1982 alipata cheti cha ualimu wa watoto wadogo, baada ya kuambiwa mara mbili kwamba sauti yake ni kubwa mno kwa kazi hiyo.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika chekechea iliyo nyuma ya soko, chumba chenye madirisha mawili na mkeka mmoja, akabaki humo miaka arobaini. Kila siku saa nne asubuhi, watoto wakishanawa mikono, alitandika shuka la bluu juu ya mkeka kwa nusu saa. Sheria ilikuwa moja. Shuka likiwa chini, kila kinachosemwa juu yake ni hadithi: kobe anaweza kuoa, jiwe linaweza kulia. Likikunjwa, ni kweli tupu mpaka kesho. Katikati ya hadithi alisimama na kuuliza, "Bata anajua kwamba paka yumo kabatini?" Watoto wakajibu, "Hajui." "Nani anajua?" "Sisi." Alituambia hapo ndipo mtoto wa miaka minne anapogundua kwamba kichwa cha mwenzake kina mambo yake.

Mwaka 2009 baba wa mtoto mmoja, fundi bomba, alifika shuleni amefura.

"Mwalimu, umemfundisha mwanangu uongo. Namuuliza nani kavunja kioo, ananiambia kiboko kapita sebuleni."

"Pole, baba. Alikuwa amekaa wapi?"

"Sakafuni. Katandua shuka la kitanda chetu, kalitandika, ndiyo akaanza kusema."

"Basi hajakudanganya. Nenda ukalikunje, ndipo umuulize tena."

Kesho yake alirudi mpole. Alikuwa amelikunja pembe kwa pembe, na mtoto akasema, "Ni mimi, baba, na mpira." Fundi aliomba akae mkekani siku ile moja tu. Paka alipotoka kabatini, aliyeuliza "Halafu?" wa kwanza alikuwa yeye.

Tarehe 22 Agosti 1987 dada alifunga ndoa na fundi redio, mtu wa maneno machache. Majirani walisema nyumba ile ina redio ishirini mbovu na moja isiyozimika. Shemeji akawajibu, "Hiyo siigusi, inashika vizuri." Mungu aliwajalia binti na mwana.

Mwaka 2016 alikuja mwalimu mkuu mpya, akabandika tangazo kwamba watoto wanaandaliwa kwa usaili wa darasa la kwanza, hivyo hadithi za kubuni zikome. Dada alilibandua, akaligeuza, akachora bata nyuma yake. Aliitwa ofisini.

"Mwalimu, hao watoto hata tano hawajui kuiandika."

"Wataijua. Lakini asiyeelewa kwa nini bata alikimbia, ukimfundisha kusoma atasoma nini?"

Alipewa barua mbili za onyo. Zote alizitia saini kwa mwandiko safi, na kesho yake saa nne shuka lilikuwa chini kama kawaida.

Oktoba 2021 sauti ilianza kukwaruza. Februari 2022 daktari alisema ni saratani ya koo, akamwomba aitunze sauti iliyobaki. Dada akamwuliza, "Niitunzie nani, daktari? Wenyewe wana miaka minne, na wananisubiri." Mwezi wa Novemba sauti ikakatika kabisa. Aliendelea kwenda. Alikaa mkekani akifungua kurasa za picha, akielekeza kidole, na watoto wakasema. Kitinda mimba wangu alikuwa darasani humo. Hakuwa akifungua mdomo mbele za watu, na mimi nilizoea kusimama nje ya dirisha nikihesabu siku alizopitisha bila neno. Siku moja kidole kilimwangukia yeye. Alisema maneno yote ya bata, na mengine ambayo bata hakupewa. Dada aliniona dirishani, akaniashiria niende zangu sokoni.

Alilazwa Machi 2023, na alifariki tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Juzi, programu hii ya mazishi ilipokuwa inachapwa, ofisi ya shule ilituomba tuandike kwamba alikuwa mtumishi mtiifu, na tuziache habari za barua. Tulijulishwa pia kwamba kuanzia wiki ijayo saa nne ni ya herufi. Mimi ni mtu wa hofu, na kalamu niliishika mara tatu nikiwa tayari kufuta. Lakini dada hakuwa mtiifu, na siwezi kusimama kaburini kwake nikasema alikuwa. Mwalimu mkuu yupo mbele yangu na ninamheshimu. Jumatatu saa nne asubuhi mimi na akina mama wanane wa darasa lile tutakuwa chumbani mle, na shuka la bluu litakuwa chini. Hatuna cheti, na sauti zetu si kubwa. Atakayetaka kutuandikia barua ya onyo atatukuta tumekaa chini, na watoto wetu mapajani.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watatu, kaka mmoja, mdogo wake anayesoma maneno haya, na watoto ishirini na sita wa darasa la wadogo ambao bado wanauliza.

Pumzika, dada. Sisi hatupumziki.