Siku Mia Tano Bila Ajali

Mheshimiwa Diwani, Bwana Mkurugenzi wa kampuni yetu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, wenzangu wa mitaroni, na ninyi wake na waume mliofua matope yetu miaka yote hii, nawasalimu kwa heshima.

Mimi, Dale Koskela, nastaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchimba barabara za Duluth. Mmenipa ngao, imeandikwa kwamba chini ya usimamizi wangu zimepita siku mia tano bila ajali. Bwana Mkurugenzi ameisifu kwa maneno matamu, na nani asiyependa kusifiwa? Ila namba za ule ubao wa langoni, unaohesabu siku bila ajali, nilikuwa naziandika mimi kila asubuhi, na siku ya mia mbili na kumi na mbili naikumbuka vizuri mno.

Siku hiyo Bi Verna Tuominen, fundi wa piano, kipofu, alikuwa anapanda kilima kwenda kanisani, njia aliyoipita peke yake kwa miaka arobaini. Sisi tulikuwa tumeikata ile njia ya miguu na kuacha mtaro unaomzidi mtu kimo. Tuliuzungushia nini? Utepe wa plastiki, na tangazo la kuwataka watu wapite upande wa pili. Herufi zake zilikuwa kubwa na nzuri, ndugu zangu. Fimbo yake nyeupe ikapita chini ya utepe bila kugusa kitu, naye akaifuata.

Nilipofika ukingoni, neno langu la kwanza lilikuwa: "Mama, kwani hukuuona utepe?"

Akanijibu kutoka chini, mkono umevunjika, wala hakupaza sauti: "Mwanangu, mimi naona kwa fimbo, na fimbo inatambaa chini. Nyie mmenizibia kiunoni."

Kesho yake niliuliza ofisini kama nirudishe namba kwenye sifuri. Nikaambiwa aliyeumia si mfanyakazi wetu, kwa hiyo hiyo si ajali yetu. Hongera kwake aliyebuni hesabu hiyo, maana kwa hesabu hiyo tungeweza kuumiza mji mzima tukabaki safi. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaandika mia mbili na kumi na tatu. Ilipofika mia mbili na hamsini tulichomewa nyama, nikala nikashiba. Naona aibu, na ngao hii siendi nayo nyumbani.

Kilichohitajika ni ubao mmoja, ufungwe chini ya kizuizi, karibu na ardhi, fimbo iugonge. Kazi ya dakika ishirini. Mkono wa Bi Verna ulipona, lakini hatoki tena peke yake. Humngoja binti yake atoke kazini ampeleke kwa gari. Hasara hiyo tuliiandika wapi?

Wiki iliyopita nilikwenda kumwalika hapa.

"Mbele ya huo ukumbi mmechimba?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mmezungushia nini?"

Sikujua, na nilikuwa msimamizi. Leo asubuhi nimekwenda kutazama, Bwana Mkurugenzi. Ni utepe.

Kwa hiyo keki isubiri. Mbao na misumari viko kwenye gari langu, na Bi Verna yuko nyumbani, amekwishavaa, anangoja simu yangu. Anayetaka kuniaga, atoke nami akanishikie ubao. Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono.