Ramani za Bahari Ukutani Mwangu

Mama zangu na dada zangu, mmenisimamisha niseme vile Mungu alinitoa mikononi mwa polisi. Nitasema, lakini mnivumilie, kwa sababu bado nina hasira, na kuna mambo hata leo siyaelewi.

Nilisoma mpaka kidato cha pili. Kwa hiyo nikapata kazi ya kupiga taipu kwa mzungu mmoja wa Njoro, mstaafu wa jeshi la maji. Anakaa katikati ya ngano, lakini kazi yake ni bahari. Wenye meli wanamwandikia wakitaka ushauri: meli ipite wapi, bandari ilindwe vipi, walinzi wakae upande gani. Jumamosi anakwenda Naivasha kufundisha wazungu wenzake kuendesha mashua za matanga. Mimi bahari sijaiona hadi leo. Niliijua kwa kunakili tu.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mambo ya ulinzi hayasemwi, hata kwa mume wako." Nikaapa.

Ramani zilizopitwa na wakati alikuwa anazitupa. Ni karatasi nene, nzuri. Nanyi mnajua baridi ya landi zetu, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli. Kila mtu hubandika magazeti ukutani. Mimi nikabandika bahari. Nikapika uji wa unga wa kubandikia, nikaziba nyufa zote juu ya kitanda cha mtoto. Majirani wakanicheka: "Mama, umehamia Mombasa bila kuaga?"

Kisha askari wakaja kusaka, siku zile za hali ya hatari, serikali ilipokuwa ikitafuta waasi. Mume wangu alikuwa safarini na treni. Sajini akautazama ukuta: mishale, namba, maduara mekundu.

"Hii ni ramani ya wapi?"

Nikanyamaza.

"Nani alikuchorea?"

Nikanyamaza. Wakazibandua pamoja na plasta ya ukuta, wakanipeleka kituo cha polisi. Mtoto wangu wa miezi minne akabaki mikononi mwa jirani.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikunyamaza kwa ujasiri. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikisema, mimi msaliti. Nisiposema, mimi muasi. Nikawa namngoja yule bwana. Karani wake amepotea, si atauliza? Siku tatu, hakuuliza mtu.

Siku ya tatu jirani akafika getini na mtoto. Nilimsikia analia, sauti imekauka. Jirani akaita, "Maziwa ya ng'ombe anatema, uji anatema. Wewe unamfichia nani?"

Maziwa yakalowesha gauni langu mbele ya sajini. Nikamwambia, "Lete hizo karatasi."

Nikamwonyesha kwa kidole. Hizi namba ni kina cha maji, kwa pima, kipimo cha mabaharia. Mishale ni mkondo. Maduara ni mahali pa kuweka walinzi wa bandari.

Akacheka. "Na huku bara kuna maji gani?"

"Hakuna. Kuna bwana wa Njoro anayeyajua. Mpigie simu."

Akapiga nikiwa nimesimama pale pale. Jibu likaja: ndiyo, ramani zilikuwa zake, ni takataka za zamani, hazina siri yoyote. Alidhani nimeacha kazi.

Nikamuuliza sajini, "Kama ni takataka, mimi nilikuwa nalinda nini?"

"Hilo usiniulize mimi, mama. Nenda ukanyonyeshe."

Mtoto alinyonya huku ananipiga kifuani kwa ngumi. Nilipokwenda Njoro kuchukua vitu vyangu, bwana aliniambia, "Si ungesema tu?" Nimelifikiria neno hilo mpaka kichwa kikauma. Sijapata mahali pa kuliweka.

Namshukuru Mungu. Na wewe jirani yangu uliyekaa pale nyuma, usiinamishe kichwa. Ulimbeba mtoto wangu mpaka polisi wakati watu waliogopa hata kupita barabara ile. Nanyi mama mliokandika upya ukuta wangu bila kuniuliza kitu, asanteni.

Mimi nina neno moja tu la kuwaachia. Mtu akikuomba uape kumtunzia siri, muulize kwanza: nikishikwa kwa ajili yako, utakuja? Ukimwona anatafuta maneno, beba mtoto wako uende nyumbani.