Mwache Mtoto Alale Chini ya Piano

Sogeeni, wanangu, mkae karibu na kitanda, maana sauti niliyobaki nayo haifiki hata dirishani. Wewe mkubwa wangu, fundi umeme, acha kuichungulia hiyo soketi. Imekuwa mbovu mwaka mzima na haitakufa leo kabla yangu. Kaa. Na wewe mdogo wake, najua wewe ni muuguzi na umezoea kuwanyamazisha wagonjwa, lakini leo mgonjwa ndiye mwenye zamu ya kusema, na hiyo dawa yako iweke mezani, nitaimeza nikimaliza. Nikiimeza sasa nitalala, na nikilala sina hakika kama nitaamka na akili zangu.

Ya mali ni machache, niyatue haraka. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na asiuziwe mtu wa nje mpaka mmekubaliana ana kwa ana, si kwa simu. Karakana ya nyuma nampa binti yangu, na asiulizwe anaifanyia nini, hata akifuga kuku. Vifaa vyangu vya kazi, ule ufunguo mrefu wa kukazia nyuzi na vile vipande vya ngozi, mpelekeeni fundi piano mwenzangu wa mtaa wa pili, ambaye tulinuniana miaka kumi na mmoja kwa sababu nilisema mbele za watu kwamba ana masikio ya mlango. Mwambieni nilikosa adabu, na kwamba masikio yake ni mazima kuliko yangu. Atavuta mdomo, lakini atavipokea.

Imebaki piano ya sebuleni. Naona umeinamisha kichwa, mkubwa wangu. Usiinuke, nakuomba, unisikilize mpaka mwisho, kwa maana habari hii nimeibeba miaka thelathini na mmoja na sitaki kuzikwa nayo.

Mnajua nilivyoipenda kazi yangu. Nilitengeneza piano za shule, za makanisa, za mahoteli, na nilikuwa naingia kwa mlango wa jikoni na mkoba wangu, nakaza nyuzi mia mbili na zaidi, kisha wanakuja wenye suti kupiga muziki wa klasiki wa watu waliokufa zamani, na mimi nasimama nyuma ya pazia nikisikiliza na mate yamenikauka. Nikajiapia kwamba mwanangu hatasikiliza nyuma ya pazia. Ndipo ulipozaliwa wewe, na maskini ya Mungu, hukuwa umefikisha miaka minne nilipokukalisha kwenye kile kiti kirefu, miguu yako ikining'inia, nikakufunga macho kwa kitambaa cha mama yako nikakwambia utaje kila sauti ninayoigonga. Ukipatia, nanyamaza. Ukikosea, tunaanza upya. Mama yenu alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi, ananiambia, "Baba watoto, mwache akacheze," na mimi namjibu kwamba huku ndiko kucheza. Ulikuwa unaniuliza kila siku, "Baba, nimekosea?" Swali hilo tu. Mtoto mzima alibaki swali moja.

Halafu ikaja ile siku ya ukumbini, ulipokuwa na miaka saba. Dada yako alikuwa mdogo, lakini anajua inavyosimuliwa: kwamba ulipiga vizuri mpaka ukafika katikati, ukagonga sauti moja ya juu ikatoka imepinda, mbaya kama mlango wenye kutu, ukairudia ikapinda tena, watu wakacheka, na mimi nikainuka kwenye safu ya mbele, nikakushika sikio mbele ya ukumbi mzima, nikasema huyu si mtoto wangu. Ukajikojolea palepale jukwaani. Ndivyo inavyosimuliwa, na ndivyo nilivyoiacha isimuliwe.

Sasa sikilizeni. Kila sauti ya juu katika piano ina nyuzi tatu, na uzi mmoja ukilegea, hata mpigaji awe malaika, sauti itapinda. Piano ya siku ile niliitengeneza mimi, mchana wake. Nilikiona kigingi kinachoshika uzi mmoja wa sauti ile kimelegea, nikakigusa, nikajua kinahitaji kutolewa na kufungwa upya, kazi ya nusu saa. Nikasema kitashika mpaka jioni. Na kwa nini? Kwa sababu nilitaka kuwahi nyumbani kuoga na kuvaa suti, nikae mbele na mimi kama watu. Uliposhuka jukwaani, nilikuwa nimeshajua. Nilijua mara ya kwanza ulipogonga. Hukukosea, mwanangu. Kidole chako kilikuwa mahali pake. Nilikushika sikio ili watu wasiniangalie mimi.

Usilie. Au lia, ni haki yako. Binti yangu, mwache, usimpe maji, hana kiu.

Nilikwenda asubuhi yake kukaza kile kigingi peke yangu, nikarudi, nikakuta umekunja daftari zako za muziki umezitia chini ya mguu wa kabati linalocheza, na sikusema neno. Ningeweza kusema siku hiyo. Ningeweza kusema ulipooa. Kila nilipofungua mdomo niliona aibu, na aibu ikawa jeuri, na jeuri ikawa mazoea, mpaka tukawa watu wawili wanaosalimiana kuhusu mvua. Mama yenu alikufa akidhani umerithi masikio mabovu ya kwao.

Mlipohamia hapa kunitunza, nilikuwa nimekula kiapo kwamba sitamfundisha mtoto tena kitu chochote, hata kufunga kamba za viatu. Na sikumfundisha Chiriku, mwanao. Naomba uniamini. Asubuhi moja nilikuwa nakaza nyuzi pale sebuleni, naye akaja na kipande chake cha mkate, akajilaza chini ya piano kama paka, na mimi nikaendelea na kazi, nikigonga sauti ileile, na kile kisauti chake kikatoka huko chini: "Babu, hawa wawili wanagombana." Nikakaza kidogo. "Bado." Nikakaza tena. "Sasa wamepatana." Miaka minne na nusu, makombo shavuni! Nilifunga kazi nikaenda bafuni kulia, nikafungulia bomba ili mkeo asinisikie.

Tangu hapo nilichofanya ni kupiga tu, vipande vifupi, dakika mbili, tatu, na yeye analala chini kwa sababu huko ubao wote unatetemeka na muziki unaingia kwa tumbo. Sikumuuliza hii ni sauti gani. Nilimuuliza amesikia nini. Kuna kimoja alikiita cha mtu anayetafuta viatu vyake huku amechelewa, na wallahi, nimekipiga kipande hicho miaka arobaini bila kujua kinahusu nini, kumbe ni viatu. Akaleta wenzake wa jirani, wakawa sita, wamejipanga sakafuni, na yule wa muuza mkaa, ambaye hawezi kutulia hata kwa viboko, alikuwa anatulia. Hao waliotunga muziki ule wamekufa miaka mia mbili iliyopita, hawakujua kama mtaa wetu upo, na mtoto wa muuza mkaa anacheka palepale walipotaka watu wacheke. Nilidhani Mungu amenipa nafasi ya pili. Nilijidanganya kwamba naweza kuitumia bila kwanza kukuambia ukweli.

Ndipo ukarudi mapema kutoka kazini, ukaona miguu ya mwanao imetokeza chini ya piano na mimi nimekaa juu yake kwenye kile kiti. Uliangusha ngazi yako mlangoni. Ulimkumbatia ukamtoa, ukaniambia, "Huyu humpati," ukafunga kifuniko na ufunguo ukautia mfukoni. Ulifanya sawa. Kwa ulivyokuwa unanijua, baba yeyote angefanya hivyo, na mimi sina pa kulaumu. Lakini imetimia miezi mitano, na mtoto hajaambiwa kitu.

Jana aliniletea maji hapa, ameshika kikombe kwa mikono miwili, amemwaga nusu. Akaniangalia, akaniuliza polepole, "Babu, nilisikiliza vibaya?"

Mnasikia? Ni swali lako, mkubwa wangu. Limevuka limeingia kwake. Nilitaka kumjibu, kikohozi kikanishika, na nilipopata pumzi alikuwa ameshaondoka, na tangu jana sijafumba jicho, nikiwaza kwamba nitakufa na watoto wawili wa nyumba hii wanadhani wamekosea.

Ngoja. Ngoja nivute pumzi... Hapana, dawa bado.

Nilikuwa nimepanga kukuamuru. Nilipanga niseme piano ni ya Chiriku, iandikwe, ili hata ukikasirika usiwe na la kufanya. Nimeacha. Piano ni yako, mwanangu, yako peke yako, na ukitaka kuipasua kuni, ipasue, nyuzi za shaba zitakufaa kwenye kazi yako. Sikupi sharti. Nakuomba tu. Nakuomba kama mtu aliyefikwa na maji shingoni. Usimfundishe kama nilivyokufundisha, wala usimpeleke kwa mwalimu mwenye rula. Mwache alale chini. Watafutie watoto wale hata redio, wasikilize kidogo kidogo, wakichoka waende zao nje, na asiwepo mtu wa kuwauliza maswali. Wakisinzia, wafunikeni.

Mbona hunijibu? Hata nitukane. Nitukane tu, nijue umesikia... Mkono wako una baridi. Au ni wangu.

Binti yangu, ulinibeba kama mtoto mwaka huu wote na mimi nikakusumbua kwa ubishi. Mungu akupe wa kukubeba. Nyote wawili, Mungu awafungulie njia, awape watoto watakaowaambia ukweli usoni, na awape moyo wa kuupokea. Msigombane juu ya kaburi langu. Nizikeni upesi, bila hotuba, mimi nimeshahutubu.

Nimechoka sasa. Mkubwa wangu, msimlete Chiriku humu, asinione hivi. Nenda wewe. Yuko hapo sebuleni, nasikia anazungumza na sufuria. Keti naye sakafuni, umwambie hakukosea. Maneno hayo tu... ya piano utaamua mwenyewe, kesho, mwakani, au usiamue. Lakini hilo mwambie leo. Mimi nilisema kitashika mpaka jioni...

Nenda, baba. Sema kwa sauti kubwa kidogo. Nasikiliza.